Boila la nyumba namba nne: moto niliouzima kule Ikoma siku ya servisi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa porini.

Juzi kuna ndugu alileta swali humu kwamba hita yake ya bafuni inagonga. Ngo, ngo, ngo, halafu kimya. Wachangiaji mkamvamia kwa utani kama kawaida yenu. Mmoja akamwambia ahame nyumba, mwingine akamwambia aoe. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mjukuu akaniuliza babu vipi.

Halafu nikaacha kucheka.

Mimi nilikuwa fundi wa vitu hivyo kabla wengi wenu hamjazaliwa. Na kuna tangi moja lilinigongea nikiwa na miaka ishirini na minne. Habari yake sijawahi kuisimulia yote. Marehemu mke wangu aliijua nusu. Leo naishusha nzima, na chumvi pekee mtakayoikuta humu ni ile ya ndani ya tangi. Ya kwangu sijatia hata chembe.

Asiyeamini ruksa. Mimi mwenyewe kuna siku siamini.

Kwanza mjue tunaongelea kitu gani. Miaka ya sabini, enzi za ujamaa, nyumba za watumishi hazikuwa na hita hizi zenu za kubonyeza. Tulikuwa na boila la kuni.

Chukua pipa la chuma kinene, lilaze juu ya matofali nyuma ya bafu, jenga tanuri chini yake. Weka bomba la kuingiza maji baridi na bomba la kupeleka maji moto ndani. Halafu bomba la tatu, jembamba, linasimama juu ya pipa na mdomo wake uko wazi. Hilo tuliliita bomba la kupumulia. Mvuke ukizidi unatokea hapo.

Likiziba, pipa halina pa kupumulia. Siku moja linapasuka na kuondoka na ukuta wa bafu pamoja na aliyekuwa anaoga.

Kituo chetu kilikuwa karibu na Ikoma, nyumba saba za watumishi kwenye mstari mmoja, wengi wao askari wa wanyamapori. Maji yetu yalikuwa ya kisima, mazito, yana chokaa. Sufuria ya chai mpya, wiki mbili tu, ndani imeota ganda jeupe. Sasa fikiria pipa linalochemsha kila siku.

Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu boila lilifanyiwa servisi. Unazima moto, unasubiri lipoe, unafunga koki ya juu, unafungua ya chini. Linatoka tope jeupe zito, mfano wa uji. Unasukuma maji mpaka yatoke safi, unapitisha waya kwenye bomba la kupumulia, unazoa majivu, unajaza, unawasha. Ni kazi ya nusu siku, haina maajabu.

Wenye hita za umeme ambao hamjawahi kuzisafisha tangu mnunue, najua mpo. Tutafika kwenu.

Mimi kwetu ni Nyarero, Tarime. Nilipomaliza mafunzo ya ufundi bomba nilipelekwa Ikoma kushika nafasi ya fundi aliyekuwa anastaafu, mzee Nyamhanga. Tulionana asubuhi moja tu, lori la kumrudisha kwao limeshawashwa, dereva anapiga honi. Akanikabidhi sanduku la vifaa haraka haraka. Spana mbili za bomba, waya mrefu, ndoo, brashi ya chuma, reki ya majivu, na chungu.

Chungu cha udongo, kidogo, mdomo umemeguka, ndani cheusi tii. Alikuwa amekifunga vizuri kwenye kipande cha gunia na kukiweka juu ya vifaa vyote.

Nikadhani mzee alikuwa anachemshia mboga kazini. Lori lilipopotea nikakitupa kwenye shimo la taka nyuma ya karakana.

Kikumbukeni hicho chungu.

Sasa nyumba namba nne. Mwenye nyumba aliitwa Chacha, askari wa wanyamapori, mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, mwepesi wa kucheka. Alikuwa hajaoa, anaishi na mama yake, Bibi Robhi. Kwao ni Mbalibali. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, boma lao la zamani lilivunjwa kama maboma mengine, na Chacha akaona bora mama aje kukaa naye Ikoma.

Majirani walinihadithia siku alipofika. Bibi alishuka kwenye lori na kuku wanne, kigoda, na moto. Moto kabisa, makaa mekundu ndani ya chungu, amekipakata njia nzima. Ulikuwa moto wa jikoni kwake kule Mbalibali.

Nyumba ya serikali haina mafiga. Jikoni kuna jiko la mkaa tu. Bibi akazunguka nyumba, akaona tanuri la boila, akaumimina moto wake humo. Tangu siku hiyo haukuwahi kuzimika. Anaufunika kwa kinyesi cha ng'ombe kikavu, anaweka gogo la mgunga, asubuhi anaupuliza. Majirani walikuwa wanatania kwamba namba nne ndiyo nyumba pekee ambayo hata mgeni wa ghafla anaoga maji moto.

Chacha mwenyewe aliwahi kunieleza. Katika boma lao, mtu wa nyumbani akisafiri, moto hauzimwi mpaka arudi.

"Unamshikia njia," akasema, kisha akacheka kidogo.

Sijui kama ni wote wa kule au ni boma lao tu. Sisi Nyarero kwetu sikulikuta hilo.

Na mimi wakati ule, jamani, nilikuwa kijana wa maendeleo. Mikutano yote ya kijiji nipo mstari wa mbele, kalamu mfukoni. Nikaliweka jambo hilo kwenye fungu la mambo ya wazee.

Siku ya servisi ilikuwa Jumanne. Chacha alikuwa ameondoka Jumamosi kwenda doria hifadhini na wenzake wawili. Namba moja hadi tatu nilikuwa nimeshazimaliza. Nikafika namba nne asubuhi na sanduku langu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, fundi. Leo hapana. Njoo Chacha akirudi."

Nikamwonyesha bomba la kupumulia. Nililigonga na spana, likatoa sauti ya kitu kilichojaa. Nikapitisha waya, ukaingia kiganja kimoja ukakwama. Wakuu, hapa sitajishusha, nilikuwa sahihi. Lile bomba lilikuwa limebakiza tundu dogo sana.

"Bibi, hili likipasuka litakuua."

"Nimesikia. Yule mzee alikuwa anafanya, na moto haukufa."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitakiwa kuuliza, alikuwa anafanyaje? Swali la maneno mawili. Badala yake nikamjibu kwamba yule mzee amestaafu.

Bibi akaniangalia. Muda huo huo jirani akapita anatangaza kwamba duka la ushirika limepata sukari. Enzi zile mnajua wenyewe, sukari ikitangazwa huwezi kubaki nyumbani. Bibi akachukua kikapu.

"Usiguse kitu mpaka nirudi. Tutaongea, mura."

Mura kwetu ni kijana mwanamume. Aliniita kwa upole tu, bila hasira yoyote.

Alipopinda kona nikachota ndoo ya maji na kuumwagia moto wote.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Najua kwa sababu kengele ya mapumziko ya shule ililia nikiwa nimeshika ndoo.

Nimezima mioto mingi maishani. Ukimwaga maji kwenye makaa lazima moto ulie, mvuke upande, majivu yaruke usoni. Ule haukufanya hivyo. Haukutoa sauti wala moshi. Ulikuwepo, halafu haukuwepo. Nikakodolea macho lile tope jeusi, nikajiambia labda maji yalikuwa mengi.

Nikaendelea na kazi, na kazi niliifanya vizuri. Tope la chokaa lilitoka ndoo tatu. Bomba la kupumulia nikalizibua mpaka nikaona anga kupitia ndani yake. Saa saba pipa limejaa, nikawasha moto kwa kiberiti changu. Nikapanga kuni kama alivyokuwa anapanga yeye. Nikaweka na kinyesi kikavu juu yake ili asigundue.

Naona aibu kuandika hilo hata leo. Kuzima ilikuwa ujinga, lakini lile pambo la kinyesi lilikuwa ulaghai.

Bibi alirudi alasiri na nusu kilo yake ya sukari. Akachuchumaa mbele ya tanuri, akanyoosha kiganja kwenye mdomo wa moto na kukiacha pale. Miali ilikuwa inamfikia vidoleni. Nikataka kumvuta mkono. Yeye wala hakukunja uso.

"Huu si moto wangu."

"Ni ule ule Bibi, nimeuchochea tu."

Akasimama kwa kujishika goti na kuingia ndani.

Kesho yake akaniita. Maji ni ya baridi. Nikaenda nikijua ni kitu kidogo, labda koki nimeisahau. Moto unawaka vizuri kabisa, kuni za mgunga, miali mpaka nje ya tanuri. Nikashika pipa.

Chuma kilikuwa baridi. Siyo vuguvugu, baridi ya jiwe la mtoni asubuhi. Nikapeleka mkono kwenye miali yenyewe kama alivyofanya Bibi. Niliona rangi ya moto kwenye ngozi yangu na sikusikia joto lolote.

Nikatoka mbio namba tano. Pipa aina ile ile, kuni zile zile, nikaligusa likaniunguza mpaka nikalamba vidole. Nikarudi namba nne, baridi. Nikabadilisha kuni, nikazoa majivu, nikawasha upya mara mbili. Njiti zote za kiberiti changu zikaishia pale.

Adhuhuri hiyo ndipo pipa lilipoanza kugonga.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kimya.

Ngoja niwaeleze kwa nini hita hugonga, maana hii ndiyo fani yangu. Chokaa ikituama chini ya tangi, maji yananaswa chini yake. Moto ukipanda yale maji yanachemka yakiwa yamefungiwa, yanapasua ganda ili yatoke, ndiyo mnasikia kishindo. Au kuna hewa imebaki kwenye bomba. Sababu ni hizo tu, na zote zina dawa.

Lakini hili pipa nimelisafisha jana, na ni la baridi, hakuna kinachochemka. Nikatoa hewa kwenye mabomba yote. Likaendelea. Nikafungua koki ya chini nikamwaga maji yote mpaka tone la mwisho. Nikaweka sikio kwenye pipa tupu.

Ngo, ngo, ngo.

Mchana kweupe, kuku wa Bibi wanaparura miguuni kwangu, redio ya jirani inaimba. Nikakaa chini kwenye majivu na suruali yangu ya kazi.

Alhamisi mchana wale wenzake wawili wa Chacha wakarudi bila Chacha.

Tulikusanyika wote nje ya ofisi. Mmoja alikuwa anaongea, mwingine anaangalia chini tu. Wanasema walikuwa wanatembea kwa mstari kwenye uwanda wa nyasi fupi, Chacha wa mwisho. Wamegeuka kumwambia jambo, hayupo. Pale hapana kichaka wala korongo la mtu kutumbukia. Hawakuona damu wala alama ya simba. Walizifuata nyayo za buti zake, zikafika mahali zikaisha. Wametafuta siku mbili wanaita.

Mkuu wa kituo akauliza ilikuwa lini.

"Jumanne. Saa nne hivi, tulikuwa tumetoka kunywa maji."

Wakuu, ndiyo saa niliyoshika ndoo. Nikatafuta kwa macho alipo Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya watu, ananiangalia mimi. Hakulia. Angetamka sentensi moja tu pale mbele ya askari wale, na ndugu za Chacha wakapata habari, mimi leo nisingekuwa na wajukuu.

Hakuitamka. Akainuka akarudi kukaa karibu na boila lake lililokuwa linagonga.

Usiku huo sikulala, na Ijumaa kulipokucha tu nikaenda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, moto niliuzima mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoweka mkono. Mimi nimekaa na ule moto toka naolewa, mura, wewe ndiye wa kunidanganya?"

"Mbona jana hukusema?"

"Wangekupiga. Na mimi ningemtuma nani?"

Akaniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikasema najua. Akaniambia siku ile wanahamishwa, yeye na mdogo wake Wankyo waligawana moto wa boma, nusu kwa nusu. Wankyo yuko kijiji kipya cha Mbalibali. Nikachukue huko.

"Ubebe kwenye kile chungu cha Nyamhanga, changu kilishapasuka."

Nikageuza macho kuelekea karakana.

"Chungu kiko wapi?"

Nikamwambia nilikitupa. Basi Bibi akanieleza kwa sauti ile ile ya kawaida. Kila siku ya servisi mzee Nyamhanga alikuwa anakuja na kile chungu. Bibi anachota makaa yake humo, anayaweka jikoni na kinyesi kidogo. Nyamhanga anazima yaliyobaki, anafanya kazi yake yote, akimaliza Bibi anarudisha moto mahali pake. Kilichohitajika ni muda wa kuchota makaa tu. Hata siku ile ya sukari alikuwa anapanga akirudi tufanye hivyo.

Nikaenda kwenye shimo la taka, nikaingia na kuchimbua kwa mikono, majivu na maganda ya viazi mpaka viwikoni. Nilikikuta chini kabisa, kizima, ndani ya gunia lake. Nikakaa humo shimoni nikalia kama mtoto. Mkuu wa karakana alinikuta hivyo, akadhani nimefiwa.

Jumamosi alfajiri nikapanda baiskeli ya karakana.

Wa kizazi chenu hamkuyaona mahame ya wakati ule. Unapita maboma na maboma, hakuna mtu. Nyumba zimeezuliwa, kuta zimesimama, mlango uko wazi unaonyesha majani yaliyoota ndani. Uzio wa manyara bado wa kijani, umezunguka zizi lisilo na ng'ombe. Jua linawaka, na wewe unasikia mnyororo wa baiskeli yako tu.

Wankyo nilimpata kwenye nyumba mpya zilizopangwa mistari. Alipoona chungu hakuuliza mwanangu umetoka wapi.

"Nani ameuzima?"

"Mimi, mama."

"Basi utaubeba wewe."

Akanijazia makaa, akaniongezea mfuko wa kinyesi kikavu. Tukafunga chungu kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia la mchanga. Akaniambia niulishe njiani na nisiuweke chini mpaka ufike kwa dada yake. Akanielekeza kwamba nitapita lilipokuwa boma la Bibi Robhi, lina mistari miwili ya manyara.

Upepo siku hiyo ulitoka mashariki, hifadhini, unanipiga usoni njia nzima. Kwa akili ya kawaida moshi wa chungu kilichoko nyuma yangu ulitakiwa kubaki nyuma. Ule moshi ulikuwa unapita juu ya bega langu na kwenda mbele, mstari mwembamba, kuelekea Ikoma.

Nilisimama mara tatu kuhakikisha. Nachota vumbi, narusha, vumbi linarudi nyuma. Moshi unaenda mbele.

Nilipolipita boma lenye mistari miwili ya manyara, nikasikia nyuma yangu.

Ngo, ngo, ngo.

Sauti ya bati. Haikuwa mbali. Sikugeuka, wakuu. Mnaojifanya mngegeuka, hongereni. Mimi nilikanyaga pedali huku namwomba Mungu wa kanisani na kila nilichowahi kusikia wazee wa Nyarero wakikitaja. Sauti ikanifuata, haisogei karibu, haibaki nyuma. Iliniacha nilipoona mapaa ya nyumba zetu, saa kumi na moja jioni.

Bibi alikuwa ameshazoa moto wangu wa kiberiti na kuumwaga. Akapokea chungu, akamimina makaa kwenye tanuri, akapiga magoti akapuliza. Nikasikia joto likinipiga usoni, joto la kweli. Nusu saa baadaye pipa lilikuwa linavuma kama boila lolote lenye afya. Nikaligusa likaniunguza. Sijawahi kufurahia kuungua namna ile.

Kugonga kukakoma.

Bibi akachukua beseni, akaweka sabuni na taulo bafuni.

"Atakuja amechoka," akasema.

Alikuja Jumapili, watu wanatoka kanisani. Tulimwona wote. Wenzake walimpoteza mashariki, ndani ya hifadhi. Yeye alikuja kutoka magharibi, kwa barabara ya Mbalibali, kwa miguu, bunduki begani.

Siku tano mtu amepotea, na ndevu zake hazijaota. Kwenye mfuko alikuwa na viazi vya kuchemsha alivyofunga Jumanne asubuhi. Mama yake alivinusa mbele yetu. Vilikuwa havijachacha.

Alikaa kwenye kigoda akatusimulia. Aliinama kufunga kamba ya buti. Alipoinua kichwa wenzake hawapo. Jua lilikuwa pale pale lilipokuwa, na halikusogea tena. Likawa halina joto, akawa anatetemeka kwenye jua. Akatembea. Anadhani alitembea kama saa mbili, tatu hivi.

"Halafu nikasikia harufu ya moshi wa mama," akasema. "Nikaufuata. Nikashangaa napita bomani kwetu, manyara yale yale. Nikasema mbona nimefika huku?"

Nikamuuliza kama hakuita watu, hakupiga risasi.

"Risasi tunaambiwa tutunze. Niligonga chupa."

"Uligongaje?"

Akatoa chupa yake ya maji ya bati, akaokota jiwe. Upande mmoja wa chupa ulikuwa umebonyea kwa kugongwa. Akapiga.

Ngo, ngo, ngo. Akasubiri. Ngo, ngo, ngo.

Nikatoka nje. Bibi alinifuata akanikuta nimeshika ukuta. Akanipa kikombe cha chai yenye sukari ya foleni ile ile, akarudi kwa mwanawe.

Daktari alisema ni jua limempiga kichwani. Wengine wakasema ni malale ya mbung'o. Sibishani nao, mimi nasema nilichoshika na nilichosikia.

Nilifanya kazi pale miaka sita zaidi. Kila servisi ya namba nne nilikuja na chungu mkononi, nasimama mlangoni nasubiri. Bibi akiniona anacheka.

"Leo hakuna foleni ya sukari, fundi. Siendi popote."

Anachota makaa yake, mimi nafanya kazi yangu. Tofauti yote ilikuwa ule muda wa kuchota makaa tu.

Sasa fundisho nililobaki nalo. Servisi ni lazima, msije mkatumia uzi huu kama kisingizio. Lile bomba lilikuwa limeziba kweli, na bila kuzibuliwa tungemzika Bibi. Mwageni chokaa yenu, kagueni valvu ya usalama, zimeni umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kufungua chochote. Lakini unapoingia nyumba ya watu kuzima kitu, uliza kwanza kinafanya kazi gani humo. Kazi unayoijua wewe inaweza isiwe yote.

Mlioko Mbalibali, Ikoma na kwetu Nyarero, kama bibi zenu walikuwa na moto wa namna hii, andikeni hapa chini. Na mwenye maelezo ya kitaalamu ya moto usio na joto aje nayo, nitasoma bila kununa.

Na wewe ndugu mwenye hita inayogonga. Karibu mara zote ni chokaa, mwite fundi. Ila kabla hajazima, simama uhesabu. Kama inagonga ovyo ovyo, sawa. Kama ni tatu, kimya, tatu, kimya, usizime. Uliza hapo nyumbani nani hayupo, umpigie simu.

Nimerudi kuangalia uzi wako asubuhi hii. Uliandika kwamba uko safarini, hita ni ya nyumbani, na mkeo ndiye aliyekupigia kukuambia inagonga. Tangu juzi hujajibu mtu.

Ukiona hapa, andika hata neno moja.